Foleni ya Maji Niliyonawia

Kwanza niwaambie nilichokuwa nakiamini, ili mkianza kucheka mcheke kwa mpangilio.

Niliamini kwamba ukiitwa kuhojiwa nafasi ya chuo cha uuguzi, wanakukalisha kwenye kiti cha chuma, wanafunga mlango, halafu daktari mkuu anaingia na beseni la damu. Damu mbichi. Anakurushia usoni, pwaa! Ukipepesa macho, hata ukope mmoja ukitikisika, umeanguka. Unapewa taulo, unaonyeshwa mlango. Usipopepesa, unavishwa koti jeupe papo hapo, damu ile ikikuchuruzika.

Aliyenipa habari hii ni Bishar kinyozi, ambaye binamu yake ana rafiki aliyewahi kupita nje ya chuo chenyewe. (Ushahidi gani mwingine mtu anataka?) Na kinyozi akiwa ameweka wembe shingoni mwako, lolote asemalo ni kweli tupu.

Niliamini mwaka mzima. Nyinyi wenzangu wa masomo ya jioni, mliokaa nami chini ya karabai moja tukigombania mwanga na nondo, mnanijua. Mimi si mjinga. Cheti ninacho. Biolojia nilipata alama ambayo mwalimu aliitazama, akavua miwani, akaitazama tena. Lakini hakuna ukurasa wa biolojia ulioandikwa kwamba damu hairushwi.

Basi leo nimevuliwa nguo mbele ya Garissa nzima. Nasema hivyo kwa mfano tu. (Suruali ilivuliwa kweli. Tutafika.)

Mnajua kwamba siku za mnada niko sokoni, dalali wa mbuzi na ngamia, nauza sauti. Siku zilizobaki niko kliniki ya mama na mtoto, najitolea. Nafagia, nabeba kisanduku cha barafu cha chanjo, natafsiri Kisomali na Kiswahili, napima watoto. Silipwi hata chai. Watu wa soko wananiuliza, "Hassan, wewe umerogwa? Unafanya kazi ya bure na ngamia wapo?" Mimi nawajibu kwamba kuna njia mbili za kuingia kwenye uuguzi: ya mtu mwenye mjomba ofisini, na ya mtu mwenye ufagio. Mjomba sina.

Na njia ya ufagio ipo kweli, si ndoto. Sista Mwanaisha, mkuu wa kliniki yetu, mama wa Lamu mwenye maneno machache na macho mengi, hupeleka mkoani jina moja kila mwaka kutoka kwa wanaojitolea. Moja. Na tunaojitolea tuko wawili: mimi na Zeinab. Zeinab ni msichana mpole, hasemi mpaka asemeshwe, anafanya kazi kama anaogopa kuiamsha. Niliwahi hata kumwonea huruma. Nilijiambia, maskini, atashindanaje na mimi?

Jana Sista alituambia, "Wiki hii daktari wa mkoa atapita. Anataka kuwaona nyinyi wenyewe kabla sijatoa jina. Sijui siku. Fanyeni kazi zenu kama kawaida."

Kama kawaida! Mtu anasubiri beseni la damu, anaambiwa kama kawaida!

Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi niliamka na mpango. Kwanza nikaazima suruali ya binamu yangu, ile nyembamba ya kijivu aliyoletewa kutoka Nairobi. Inabana kiasi kwamba ukiivaa unajua mifupa yako iko wapi. Juu yake nikavaa koti langu jeupe la kliniki. Pili nikaamua leo ni siku ya mwisho ya mazoezi ya macho.

Maana mazoezi nilikuwa nafanya, msidhani nimekaa tu. Mwaka mzima nimejifunza kutopepesa. Na nani asiyejua upepo wa Garissa? Ule si upepo, ni mchanga unaosafiri. Nimesimama daraja la Tana macho wazi mpaka malori yakapunguza mwendo. Nimeshindana na mbuzi sokoni, nikawashinda wote ila mmoja mweusi kutoka Hadado. Ngamia sishindani naye; zile kope zake ni hila.

Lakini wiki chache zilizopita nilikuwa nimegundua walimu wakubwa kuliko wote. Watoto wachanga! Mtazameni mtoto mchanga siku moja. Hapepesi! Anakukodolea macho kama hakimu. Nikasema, alhamdulillahi, na mimi ndiye mpimaji wao.

Leo ilikuwa siku ya kupima na ya chanjo ya surua. Kina mama walikuwa wamejaa chini ya mabati ya kliniki, wengine wamefika alfajiri kutoka vijiji vya mtoni, mmoja ametoka Balambala kwetu. Kazi inakwenda hivi: mimi nampokea mtoto, namvika ile suruali ya kitambaa yenye mikanda, namtundika kwenye mizani inayoning'inia, nasoma kilo, Zeinab anaandika kwenye kadi, mama anaingia ndani kwa Sista, mtoto anachomwa, analia, anaenda nyumbani. Kazi nyepesi. Hata mbuzi angeweza kuifanya, na leo angeifanya vizuri kuliko mimi.

Mtoto wa kwanza akatundikwa. Nikasogea. Uso wangu na uso wake, kiganja kimoja katikati. Nikakodoa. Akakodoa. Upepo ukapita, mchanga ukaingia, sikupepesa. Yeye akapepesa! Nikamshinda.

"Kilo sita!" nikatangaza.

Sasa hapa nieleze jambo, na nalieleza kwa uchungu. Zamu yake ikifika, Zeinab husoma kilo kimyakimya. Anasema mashallah kwanza, kisha anainama, anamnong'onezea mama sikioni, kama wazee wa sokoni wanaopatana bei kwa kubanana vidole chini ya shuka ili jirani asijue. Mimi niliona ule ni uoga. Nilijiambia: daktari wa mkoa akitokea ghafla, atamsikia nani? Atamsikia mwenye sauti. Kwa hiyo nikatumia sauti yangu ya mnada.

Mtoto wa pili nikamshinda. Wa tatu akanishinda. (Alikuwa na jicho la mbuzi wa Hadado.) Wa nne akaja.

Jamani, wa nne! Alikuwa mjukuu wa Ayeyo Dahabo. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na Dahabo ni bibi wa mtaa mzima. Hata wazee wa ndevu nyekundu za hina wanamwita ayeyo. Mtoto mwenyewe alikuwa mnono. Mizani ilipiga kelele. Mikono ina mikunjo kama mkate uliofungwa uzi. Nikakodoa macho kwa mtoto yule, nikayapanua mpaka nikahisi hewa inapita nyuma yake, na wakati huo huo nikapaza sauti:

"Kilo tisa na nusu! Tazameni mapaja haya! Njooni mwone! Huyu angekuwa beberu, wanunuzi wangepigana mateke! Hakuna mtoto kama huyu kutoka hapa mpaka Wajir!"

Kimya.

Kimya cha namna ile nimekisikia mara moja tu, siku mtu aliponunua ngamia aliyekufa. Kina mama wote walinitazama. Kisha, kama wameamrishwa, kila mmoja akamfunika mtoto wake kwa mtandio.

Nikaelewa? Sikuelewa. Nilidhani wamevutiwa.

Yule mtoto mnono akatikisika. Akafungua mdomo. Akatapika maziwa yote aliyonyonya tangu azaliwe, juu ya koti langu. Halafu akalia. Na mtoto akilia kwenye foleni, mnajua, ni kama mbwa akibweka mtaani. Wa nyuma yake akalia, wa nyuma ya huyo akalia, kilio kikapanda mpaka mwisho wa mabati.

Ayeyo Dahabo akainuka na bakora yake, na kile Kiswahili chetu cha Kisomali, ambamo p huwa b na v huwa f.

"Wewe kijana. Umesema mashallah?"

Nikakumbuka. Wallahi ndipo nilipokumbuka, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ile suruali ya binamu ukakwama hapo. Kila mtu Garissa, hata asiyejua kuhesabu vidole, anajua hili: usimsifu mtoto wa mtu bila kusema mashallah. Usimtaje unono wake mbele za watu. Na zaidi ya yote, usimkodolee macho! Jicho linaua ngamia, seuze mtoto. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kutembea.

"Ayeyo, nilikuwa... nilisahau. Mashallah! Mashallah mara mia!"

"Saa hii? Mtoto ameshatabika ndiyo unakumbuka? Na hiyo macho yako kwa nini haifungi?"

Swali zuri. Ningemjibu nini? Kwamba nasubiri damu?

"Yeye kila siku anaangalia hifyo," akasema mama mmoja. "Wiki ile aliangalia mtoto yangu mpaka mimi nikaogoba."

"Aliangalia na yangu! Akakohoa siku tatu!"

"Aliangalia mbuzi yangu sokoni!" akasema mwingine, ambaye sikujua hata kama ana mtoto.

"Mbuzi nilikuwa nauza, hooyo, mama yangu!" nikasema. "Nitauzaje bila kuangalia?"

Wapi! Wakaanza kukusanya virago. Mmoja akatoka, wawili wakatoka, mabati yakaanza kuonyesha sakafu.

Hapo ndipo Sista Mwanaisha alipotokea mlangoni na sindano mkononi.

"Hassan, watu wangu wako wapi?"

Nikamweleza kwa ufupi. (Nilifupisha kiasi kwamba mimi nilitoka mtu mwema.) Zeinab akaeleza kwa urefu. Sista akafumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu watoto wake wote na kumwona mmoja si wake.

"Chanjo nimeshaichanganya," akasema. "Ikishafunguliwa hailali. Wakiondoka hawa, itamwagwa, na surua iko mtoni, imeshaingia nyumba kwa nyumba. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Utani ukanitoka. Mwezi uliopita nilibeba mwenyewe maji ya kumpoza mtoto wa surua kwenye wodi ile ya nyuma, na sitaki kuwasimulia.

Nikamkimbilia Ayeyo Dahabo, maana yeye akirudi, wote wanarudi. "Ayeyo, nifanye nini? Sema lolote."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini kama anayenunua punda.

"Unajua. Utanawa. Tubewe maji, tumwagie watoto."

Na kweli nilijua. Mwenye jicho akijulikana, hapigwi wala hatukanwi. Anaombwa kwa heshima anawe ndani ya chombo: uso, mikono mpaka viwiko, magoti, miguu. Maji yale anamwagiwa aliyepatwa na jicho, na mambo yanaisha. Ni desturi ya watu waungwana. Nimeshaona mzee mmoja akinawa hivyo, nikamheshimu sana. Ila mzee yule alinawa faraghani, kwa ajili ya ngamia mmoja. Mimi natakiwa kunawa uwanjani, kwa ajili ya kliniki nzima, siku ambayo daktari wa mkoa anaweza kutokea!

"Sista," nikalalamika, "mwambie basi! Sisi ni watu wa sayansi!"

Sista akasema, "Sayansi yako ndiyo imewatia watu mbio. Beseni lile pale."

Zeinab tayari alikuwa amelibeba. Sijawahi kumwona Zeinab akitembea haraka vile.

Nikanawa uso kwa sabuni. Sawa. Nikanawa mikono mpaka viwiko. Sawa. Tukafika magotini, na suruali ya binamu ikakataa. Nilikunja, nikavuta, nikaruka, ikapanda mpaka kwenye muundi ikagoma kabisa.

"Magoti!" akasema Ayeyo.

"Haipandi, Ayeyo."

"Basi itashuka."

Kina mama wakacheka. Wale waliokuwa wameondoka wakasikia kicheko, wakarudi kuangalia. Nikaingia nyuma ya mlango, nikapigana na ile suruali kama mtu anayechuna mbuzi aliye hai, nikatoka nimejifunga leso ya Zeinab. Nyekundu. Ina maua. Juu, koti jeupe lenye matapishi. Chini, magoti yangu, ambayo jua la mchana la Garissa halikuwahi kuyaona, na sasa najua kwa nini.

Nikaingia ndani ya beseni. Nikanawa magoti. Nikanawa miguu. Ayeyo Dahabo akachota kikombe cha kwanza, akasema bismillah, akammwagia mjukuu wake kidogo kichwani na mgongoni.

Mtoto akanyamaza. Akacheka! Akanionyesha ufizi.

Basi! Hapo ndipo mji uliponifungukia. Kila mama akataka maji. Zeinab akawapanga, na Sista, kwa akili zake za Lamu, akatoa amri mlangoni: chanjo kwanza, maji baadaye. Mama anaingia ndani, mtoto anachomwa, mama anatoka na kikombe, anakuja kwangu. Maji yakiisha beseni linajazwa, na mimi nanawa upya. Uso, mikono, magoti, miguu. Uso, mikono, magoti, miguu. Nilinawa mpaka nikapauka. Vidole vya miguu vikawa kama vya mzee wa miaka mia.

Habari ikafika sokoni, maana Garissa habari haihitaji posta. Wakaja kina mama ambao hatukuwahi kuwaona kliniki, wamebeba watoto ambao hawajawahi kuchomwa sindano hata moja. Wakaja wanaonijua na wasionijua. Kila msiba wa mji ukawa wangu. "Ngamia yangu alifunjika mguu kiangazi, wewe ulibita pale?" Sikupita! "Fisima yetu ilikauka." Sikuwahi kufika! Mwenye ngamia huyo akapanga foleni na debe. Foleni ilipinda kona ya kliniki, na kwa macho yangu naapa mkia wake ulikaribia Modogashe.

Na wenzangu, msisahau: wakati wote huo sipepesi. Sabuni inaingia, sipepesi. Nilijiambia, Hassan, Mungu anakuandaa. Ukiweza sabuni, damu ni nini?

Jua likawa utosini. Nikakasirika. Mtu anachoka kuwa dawa! Ndipo akatokea mzee mmoja amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa kikoi na shati lililolowa jasho, viatu mkononi. Nikamwona tu nikamjua: huyu basi lake limeharibika barabarani, na anataka kunisingizia mimi. Akasimama pembeni ya beseni, akanitazama magoti.

"Kijana, unafanya kazi gani hapa?"

"Adeer," nikamwambia, maana adabu ninayo, hata mtu usiyemjua unamwita ami, "huoni? Mimi ni mfereji."

"Umeajiriwa?"

"Ningekuwa nimeajiriwa ningesimama kwenye beseni? Najitolea!"

"Ahaa. Na kwa nini unajitolea?"

Sijui ni jua au ni sabuni. Nilimjibu bila kufikiri. "Kwa sababu kwetu Balambala mtu akiugua, tabibu ni yule mwenye sauti kubwa kuliko wote. Anasema chemsha mizizi, wanachemsha. Anasema msimpe maji, hawampi. Mimi nina hiyo sauti, adeer. Wananisikiliza! Nikisema jambo wanalifanya, na mimi sijui kitu! Hilo linanitisha. Nataka nikisema, niwe najua."

Akafungua mdomo kuuliza la nne. Na mama mmoja alikuwa ananivuta leso upande wa pili, nikaona sasa huyu mzee amezidi.

"Sikiliza, unataka maji au unataka hadithi? Kama ni maji, panga foleni kama watu! Nyuma ya yule mwenye debe!"

Na mzee akaenda! Akasimama nyuma ya debe, viatu mkononi. Mama mmoja akamwonea huruma, akampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akasogea foleni ikisogea.

Alikuwa amebakiza watu wachache anifikie, ndipo Sista Mwanaisha alipotoka nje kuomba barafu. Akatazama foleni. Akatazama tena. Sindano nusura imponyoke.

"Daktari! Mbona umesimama huko?"

"Nimeambiwa nipange," akasema mzee.

Gari lake lilikuwa limepasuka gurudumu ng'ambo ya daraja. Grisi ya kulihangaikia iliharibu suruali yake, akavaa kikoi cha dereva, akaja kwa miguu. Daktari wa mkoa! Huyo ndiye niliyemwekea macho mwaka mzima, na nimemweka nyuma ya debe la ngamia!

Nikataka kutoka kwenye beseni nimpe mkono. Leso ikakataa, maana yule mama alikuwa bado ameishika. Nikateleza. Nikakaa. Ndani ya beseni. Maji yote yakamwagika, na foleni nzima ikapiga ukelele, si kwa kunihurumia mimi bali kwa kuhurumia maji.

"Usiinuke," daktari akasema. "Utafanya waanze upya."

(Mtakaocheka hapa, chekeni taratibu. Mkia wa mgongo bado unauma.)

Akaingia ndani na Sista. Wakakaa. Mimi nikavaa suruali ya binamu ikiwa imelowa, na sasa nadhani haitavuliwa tena mpaka mwisho wa dunia. Zeinab akaitwa, akaingia, akatoka. Mimi sikuitwa. Daktari akaaga. Alipopita kwangu nikajikakamua, nikamkodolea macho yote mawili, mekundu kama nyanya, bila kupepesa, ajue nilivyo. Akarudi nyuma hatua moja, akasema "mashallah," akaenda zake.

Jioni Sista aliniita. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, amechoka, lakini uso wake ulikuwa na nuru.

"Chanjo imekwisha yote. Imebidi nifungue nyingine. Tangu nije Garissa sijachanja watoto wengi hivi siku moja, na wengine hawakuwahi kufika hapa kabla. Hilo ni la kwako, na daktari ameliona."

"Na jina, Sista?"

"Jina mwaka huu ni la Zeinab."

Nikakaa chini. (Suruali ikalia.)

"Daktari amesema huyo mfereji aendelee kujitolea. Mwakani apate kumkuta amekauka. Amesema anataka amwone tena."

"Lakini Sista, sikupepesa! Mwaka mzima! Sabuni imeingia, jua limeingia, sikupepesa hata mara moja! Zeinab anapepesa kila wakati, nimemhesabia! Akirushiwa ile damu atawezaje?"

Sista akaacha kukunja kitambaa.

"Damu gani?"

Nikamweleza. Kiti cha chuma, mlango, daktari mkuu, beseni. Nikamweleza na Bishar, na binamu, na rafiki wa binamu. Nilipokuwa naeleza nilianza kusikia maneno yangu mwenyewe, nikapunguza sauti, nikamalizia kwa kunong'ona.

Hakucheka. Nawaapia, ningependa angecheka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akazungumza polepole, kama anavyomweleza mama wa mara ya kwanza jinsi ya kumpa mtoto dawa.

"Hassan. Hakuna damu. Hakuna kiti cha chuma. Mtu anakuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, unamjibu, basi. Na kupepesa macho, mwanangu, kunaruhusiwa."